Kilo Saba za Edelyn

Mwalimu Visitacion Tumulak alikuwa na mwandiko uliojulikana mtaa mzima. Enzi alizokuwa akifundisha, barua za shule zilizotoka mkononi mwake hazikuhitaji mhuri; wazazi wa mji wa Mandaue, kule Ufilipino, walizitazama zile herufi zilizoinama upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo, wakajua nani ameandika. Alipostaafu, watu waliendelea kumjia. Walitaka awaandikie kadi za arusi, risala za mazishi, na maneno ya mabango ya turubai, kwa kuwa mtoto akifaulu mtihani wa uuguzi au akipata kazi melini, sura yake hutundikwa barabarani watu wote waione, na hakuna aliyetaka sura ya mwanawe itundikwe juu ya maneno ya ovyo.

Mumewe, Honorato, alikuwa mwalimu mkuu. Alikufa akiwa na miaka arobaini na mmoja, na kila aliyeuliza aliambiwa ni moyo. Moyo ulikuwa ugonjwa wa heshima, ugonjwa wa watu wanaojituma. Ukweli ni kwamba kiatu kipya kilimchubua kidole cha mguu siku ya mahafali, na kidonda kile hakikupona. Kisukari kilikuwa kimemwingia miaka mingi, naye hakutaka kijulikane. Baba zake wadogo wawili walikwisha kufa kwa ugonjwa huohuo, na mtaani walichekwa hata kaburini: ukoo wa walafi, watu wanaojimaliza kwa mafuta ya nguruwe na soda. Honorato akavaa viatu vya kufunika akaendelea kwenda shule, mpaka harufu ikawa inamtangulia mlangoni. Daktari alitaka kuukata mguu. Alikataa. Siku tisa baadaye alizikwa na miguu yake yote miwili, na Visitacion akaiandika risala kwa mkono wake mwenyewe. Moyo, aliandika.

Edelyn, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka minne. Naye aliambiwa moyo.

Visitacion alimlea peke yake kwa mshahara wa ualimu na kwa ukali. Sare za mtoto zilipigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe. Mezani kwao kulikuwa na wali, dagaa wakavu, supu ya mlonge, na Jumapili kuku mmoja wa kienyeji. Soda haikuingia nyumba ile. Mtoto alipouliza sababu, mama alijibu kwamba watu waliosoma hunywa maji.

Jinsi Edelyn alivyokutana na chuma ni kisa kidogo tu. Nong Casiano, yaani Kaka Casiano, fundi samani aliyekuwa akifundisha vijana kunyanyua vyuma katika ghala la kiwanda kilichofungwa, aliishiwa ile poda nyeupe ya kupaka viganjani. Akaja shuleni kuomba vipande vya chaki vilivyobaki. Visitacion alimtuma binti yake, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, apeleke kopo moja. Saa nne zikapita. Alipomfuata alimkuta amechuchumaa katikati ya ghala na fimbo ya ufagio juu ya kichwa, mikono imenyooka, mgongo umesimama wima kama ukuta, na Casiano amekaa juu ya ndoo akimtazama kama mtu aliyeokota pete ya dhahabu.

"Mwalimu," alisema, "huyu mtoto usinidai. Kopo la chaki nitakurudishia, huyu sirudishi."

Mwanzoni Visitacion aliona aibu. Binti wa mwalimu mkuu anabeba vyuma kama mpagazi wa bandarini! Kisha medali zikaanza kuja, na jina la Tumulak likaanza kusomwa kwenye vipaza sauti vya viwanja, na aibu ikageuka kuwa kitu kingine. Alizitundika medali chini ya picha ya Honorato. Miaka kumi na minane baada ya mazishi yale, ukuta ule ulikuwa umejaa.

Jumapili moja baada ya misa Casiano alikuja nyumbani amevaa shati la vifungo na kulichomekea, jambo lililomtia Visitacion wasiwasi kabla mgeni hajafungua mdomo.

"Mwalimu, sikuja kunywa kahawa."

"Basi usiinywe," alisema Visitacion akimsogezea kikombe. "Lakini keti."

Casiano akaketi, akainywa. "Kwenye uzito wa kilo sitini na nne, Edelyn hapati nafasi. Kuna binti wa Zamboanga anamzidi kilo kumi na mbili nzima za chuma. Labda yule avunjike mguu, na mimi siwezi kwenda kanisani kumwombea mtoto wa mwenzangu avunjike mguu."

"Ulishajaribu," alisema Edelyn kutoka jikoni. "Ulisema umewasha mshumaa."

"Mshumaa ulikuwa wa goti langu mwenyewe, nyamaza." Akamgeukia mama. "Lakini kwenye kilo sabini na moja kiti kiko wazi, Mwalimu. Mchujo ni baada ya wiki kumi. Atakayefikisha jumla ya kilo mia mbili kwa minyanyuo miwili anaingia timu ya taifa. Edelyn sasa anafikisha mia tisini na mbili, naye ana uzito wa sitini na tatu. Nikimwongeza mwili kilo saba, hizo nane za chuma zinakuja zenyewe. Kilo ni kilo."

"Kilo saba, kwa wiki kumi. Kwa chakula gani?"

Casiano akatazama mlangoni. Nje, karibu na pikipiki yake, alisimama Wences, mwenye maduka manne ya kuku wa kukaanga, amepakata sanduku la kadibodi linalotoka mvuke. Aliingia bila kuitwa, akaushika mkono wa Visitacion akaugusisha kwenye paji la uso wake kama mtoto mbele ya bibi, ingawa walipishana miaka mitano tu.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema, "lakini mafuta nayajua. Kila siku baada ya mazoezi, trei moja. Kuku, wali, baga, chipsi, soda. Bure mpaka siku ya mchujo. Mimi nataka picha yake tu dukani."

"Hatuli vitu hivyo nyumba hii."

"Mama," alisema Edelyn. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa begani, miaka ishirini na miwili, mabega yamejaa mlango. "Nimenyanyua kwa dagaa na mlonge miaka kumi na moja. Nafikiri hata dagaa wenyewe wamenichoka. Wiki kumi tu."

Visitacion alimtazama, kisha akaitazama picha ukutani. Alijua la kusema. Lilikuwa ni sentensi moja fupi, na ingewatosha wote waliokuwamo chumbani. Lakini Wences alikuwa na maduka manne, na kila duka lilikuwa na foleni, na kila foleni ilikuwa na midomo.

Casiano akatoa karatasi mfukoni. "Fomu ya mchujo. Mzazi anajaza, anatia sahihi. Wenye magonjwa ya ukoo wanapelekwa kwanza kupimwa damu. Wengine wote wanaingia moja kwa moja."

Visitacion alivaa miwani. Alijaza jina, tarehe ya kuzaliwa, chanjo. Alipofika kwenye mstari wa magonjwa katika familia, kalamu yake haikusita hata kidogo. Aliandika, kwa mwandiko ule mzuri: *Hakuna.*

Trei ya kwanza ilifika kesho yake. Vipande sita vya kuku, vikombe vinne vya wali na rojo lake, baga mbili, chipsi, na chupa ya soda ya lita moja na nusu. Edelyn alikula ameketi juu ya jukwaa la mazoezi, na wenzake walimzunguka kama wanatazama ndondi.

"Bakiza jogoo mmoja wa kuwika asubuhi!" alipiga kelele mmoja.

"Edelyn akipita barabarani siku hizi kuku wanafunga milango."

"Cheka tu," alisema Edelyn, mdomo umejaa. "Nikienda kambini nitawaletea mifupa."

Na ikawa kweli, kwa wiki nne, kwamba chakula kilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walisema halikuwapo. Kuchuchumaa na chuma mabegani alipanda kutoka mia na ishirini na tano hadi mia na thelathini na tatu. Alikuwa akiamka asubuhi bila maumivu ya mgongo. Mazoezi ya Jumatano, ambayo zamani yalimwacha miguu inatetemeka mpaka Ijumaa, sasa aliyamaliza akicheka. Casiano aliandika namba kwa chaki ukutani, kila wiki moja juu ya nyingine.

"Mnaona?" alisema. "Huyo ni kuku."

"Si kuku," alisema Nang Felisa.

Felisa, ambaye wote walimwita Nang, dada mkubwa, alikuwa msaidizi wake, mnyanyuaji wa zamani mwenye kiwiko kilichokaa kombo, mwanamke mfupi aliyezungumza kama anayehesabu maneno. Kazi yake pale ilikuwa kuwafunga vijana plasta kwenye vidole gumba. Mnyanyuaji hashiki chuma kama watu wanavyoshika ndoo. Analaza gumba juu ya chuma, kisha vidole vingine vinalikalia gumba juu yake, kama kufuli. Ngozi ya gumba huchanika kila mara, plasta hufungwa, na baada ya siku tatu nne huwa imepona.

"Mtoto alikuwa hali vya kutosha," Felisa aliendelea. "Ndiyo maana amepanda. Ungempa wali zaidi na mayai na samaki angepanda vilevile. Nguvu inatoka kwenye kazi na usingizi, Nong. Chakula kinaziba pengo tu. Pengo likishaziba, kinachozidi kinakwenda kiunoni."

"Samaki wa nani? Wewe unaleta samaki?"

"Sileti."

"Basi Wences analeta kuku."

Felisa akarudi kukunja plasta.

Katikati ya wiki ya tano Wences alisema anataka kutundika turubai. Casiano aliona ni mapema. Mtoto hajachaguliwa bado. Turubai hutundikwa baada ya matokeo. Lakini Wences alikwenda moja kwa moja kwa Visitacion na kumwomba maneno, na Visitacion, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwandikia mtu hongera kabla ya matokeo, alikaa mezani alasiri nzima akayaandika. *Hongera Edelyn Tumulak, mnyanyuaji wa Timu ya Taifa, binti wa marehemu Mwalimu Mkuu Honorato Tumulak.* Alitaka jina la mume wake liwe na herufi kubwa sawa na la binti. Turubai lilipotundikwa juu ya barabara mbele ya duka kubwa la Wences, lilikuwa pana kuliko basi. Upande wa kushoto Edelyn ameinua chuma. Upande wa kulia paja la kuku, kubwa kumpita.

"Mwalimu," alisema Casiano wakiwa wamesimama chini yake, "sasa asipochaguliwa?"

"Atachaguliwa."

Kila asubuhi Visitacion alipita njia ile kwenda sokoni, ingawa kulikuwa na njia fupi.

Wiki ya sita chuma kilianza kuwa kizito. Namba za ukutani zilisimama. Edelyn alikuwa na kilo sitini na tisa, na chuma ambacho zamani kilipanda karibu kabisa na mwili wake sasa kililizunguka tumbo, na kila kilipozunguka kilipoteza kasi. Alikuwa anahema baada ya minyanyuo miwili. Casiano alisema mwili unazoea. Akaongeza trei. Edelyn alikuwa na kiu ya kudumu, na kwa kuwa alipaswa kuongeza uzito, alikunywa soda.

Nyumbani, mtungi wa maji uliokuwa ukijazwa jioni ulikutwa mtupu asubuhi. Visitacion aliuona, akaujaza. Akaona pia macho ya binti yake yamekaa ndani. Akajiambia ni mazoezi.

Kisha, Alhamisi moja alfajiri, aliingia chooni akakuta sisimizi. Walikuwa wamejipanga kutoka dirishani, mstari mweusi mwembamba, wakashuka ukutani mpaka sakafuni kando ya shimo, pale mkojo uliporuka. Walikuwa wengi, wenye shughuli, kama wako kwenye sukari iliyomwagika.

Alisimama pale muda mrefu na taulo mkononi. Aliwahi kuwaona sisimizi wale. Miaka kumi na minane iliyopita, katika nyumba hiihii, kwenye pembe hiyohiyo. Honorato alikuwa akiwaua mwenyewe kwa maji ya moto kabla mtumishi hajaamka.

Visitacion alikwenda jikoni, akachemsha maji, akayamwaga.

Siku tatu baadaye, Jumapili, Nang Felisa alimfuata kanisani, wakasimama kwenye ngazi huku watu wakitoka.

"Mwalimu, gumba la Edelyn haliponi."

"Linachanika kila siku, litaponaje?"

"Siku kumi na saba. Nimefunga magumba ya watu miaka ishirini. Hili si la kuchanika." Felisa alishusha sauti. "Mimi si mtu wa kuuliza mambo ya nyumba za watu. Lakini mnalo tatizo lolote kwenu? La damu?"

Watu watatu wa kwaya walikuwa wakishuka ngazi. Mmoja alimpungia Visitacion mkono akampongeza kwa turubai.

"Felisa," alisema Visitacion, "mume wangu alikufa kwa moyo. Familia yangu ina majaji wawili na padri mmoja. Kama hujui kufunga kidonda, sema, tumtafute anayejua."

Felisa akainamisha kichwa, kama watu wanavyowafanyia walimu, akaenda zake.

Alasiri hiyo Visitacion alimketisha binti yake barazani, akaifungua plasta. Gumba la mkono wa kulia lilikuwa limevimba na kung'aa. Kidonda kilikuwa kidogo, kama punje ya maharagwe, lakini kingo zake zilikuwa za kijivu na kilikuwa na ile harufu, kwa mbali tu, tamu na mbovu. Harufu ya viatu vya kufunika.

"Linauma?"

"Haliumi sana. Ndiyo ajabu yenyewe." Edelyn alijaribu kucheka.

Visitacion alichemsha majani ya mpera, akaliosha gumba, akalifunga kwa kitambaa safi. Alifanya kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba uangalifu ndio dawa.

"Mama. Baba hasa alikufa kwa nini?"

Mahali fulani mtaani mtu alikuwa anaranda mbao.

"Kwa nini unauliza?"

"Nang Felisa aliniuliza. Nikamwambia moyo. Akasema haya basi." Edelyn aliutazama mkono wake. "Ilikuwa moyo?"

Mchujo ulikuwa umebaki siku tisa. Visitacion alizihesabu. Siku tisa si kitu, alijiambia. Kidonda cha mume wake kilikaa miezi. Mtoto akishanyanyua, akishachaguliwa, atampeleka kwa daktari wa mbali, kisiwani Bohol hata, wasikojulikana, na hakuna atakayejua.

"Moyo," alisema. "Usinywe soda sana. Lakini uzito usipungue."

Siku ya mchujo Edelyn alipanda mizani akiwa na kilo sabini na nukta mbili. Casiano alimpiga begani. Ukumbi wa Cebu ulikuwa umejaa, na Wences alikuwa amekodi gari zima la watu wenye fulana zenye picha ya kuku. Visitacion aliketi mstari wa mbele amevaa gauni lake la kahawia la mahafali. Alimwona Edelyn akitoka nyuma ya pazia na kuupitisha mkono usoni, na hata kwa mbali aliona kwamba jasho lile halikuwa la kazi.

Kwenye mnyanyuo wa mkupuo mmoja alipata themanini na mbili. Themanini na sita zilimshinda mara mbili. Miezi mitatu nyuma, akiwa mwepesi kwa kilo saba, alikuwa ananyanyua themanini na tano akiongea.

"Amka, Edelyn!" walipiga kelele wenye fulana. "Kuku wanakutazama!"

Kwenye mnyanyuo wa pili, wa kupandisha kifuani kisha juu ya kichwa, alipata mia na tano. Mia na kumi na mbili ilianguka mbele yake. Ikabaki nafasi moja. Ili afikishe mia mbili alihitaji mia na kumi na nane, uzito ambao hakuwahi kuugusa. Casiano akaomba uwekwe. Nang Felisa alikuwa pembeni na plasta yake. Visitacion alimwona akiushika mkono wa Edelyn, akiufungua, akiutazama, kisha akimgeukia Casiano na kusema jambo. Casiano akatikisa kichwa. Edelyn naye akatikisa kichwa. Mbele yao, juu ya meza ya waamuzi, saa ilikuwa inarudi nyuma.

Edelyn aliinama. Alilaza gumba juu ya chuma, akavikalisha vidole juu yake. Alivuta. Chuma kilipanda mpaka magotini, mpaka mapajani, na hapo kufuli ikafunguka. Upande wa kulia ulimtoka mkononi, chuma kikapinda hewani, kikaanguka kwa kishindo ambacho Visitacion alikisikia kwenye meno yake. Edelyn alibaki amesimama, akiutazama mkono. Plasta ilikuwa imetoka pamoja na kitu kingine. Kisha akaketi sakafuni polepole, kama mtoto aliyechoka kutembea, akalala.

Kipaza sauti kilitangaza jumla: mia na themanini na saba.

Hospitalini kile kijimashine cha kupimia sukari kilishindwa kutoa namba. Kilisema tu kwamba iko juu mno. Daktari wa zamu alikuwa Amparo, aliyewahi kukaa dawati la tatu katika darasa la Visitacion. Alikuja koridoni na faili.

"Mwalimu, samahani. Kuna mtu mwenye kisukari katika familia?"

"Hatuna," alisema Visitacion. Lilimtoka lenyewe, kama jibu la misa.

Daktari hakuandika. "Mwalimu. Sumu ya gumba imepanda kwenye kiganja. Naingia naye ndani kukata. Nakuuliza tena, kwa sababu nataka kujua napigana na ugonjwa wa wiki kumi au wa miaka."

Casiano alikuwa amesimama hapo, na Felisa, na Wences na fulana yake. Kwenye kitanda cha magurudumu, mlango ukiwa wazi, Edelyn alikuwa macho.

"Baba yake," alisema Visitacion. "Na baba wadogo wa baba yake. Wote."

Casiano akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Mbona uliandika hakuna?"

Visitacion alisikia magurudumu yakizunguka. Alipogeuka, Edelyn alikuwa akitazama dari.

Walilikata gumba na sehemu ya kiganja chini yake. Edelyn alilala wodini siku kumi na moja, na katika siku hizo kumi na moja hakumsemesha mama yake neno. Wences alikuja mara moja na matunda, akakaa dakika tano akitazama mlango. Alipoondoka aliwatuma watu kulishusha turubai. Lakini turubai zuri halitupwi. Walilikunja katikati, wakalifunga upya kama kivuli cha duka la pili, paja la kuku likiwa nje. Aliyeangalia vizuri penye mkunjo aliona sikio la Edelyn, na chini yake herufi za mwisho za jina la Honorato.

Na mtaa ukasema. Visitacion aliusikia sokoni, nyuma ya mizani ya samaki, hawakujali kushusha sauti: ukoo wa walafi, baba kwa nguruwe, binti kwa kuku, na yule mama na majivuno yake alikuwa anajua. Aliyasikia yote aliyokuwa ameyazuia kwa miaka kumi na minane, neno kwa neno, na kumbe yalichukua muda mfupi tu kusemwa, kama muda wa kupima nusu kilo ya ngisi. Akalipa, akaenda nyumbani kwa njia fupi.

Casiano aliacha kufundisha wasichana. Alisema ana kazi nyingi za samani. Felisa ndiye aliyekuja nyumbani, mwezi wa pili baada ya ajali, na fomu ya mfuko wa wanamichezo walioumia, huenda wangegharamia dawa za sukari. Aliiweka mezani, akakataa kahawa, akaondoka.

Edelyn alikuwa barazani na ufagio. Ndiyo ilikuwa kazi yake siku hizi: kuushika mpini, kuufunga mkono, kuufungua. Vidole vinne vilizunguka mti na havikukuta kitu cha kukalia.

"Njoo uniandikie," alisema. "Mkono huu hauandiki tena."

Yalikuwa maneno ya kwanza marefu baada ya muda mrefu. Visitacion alivaa miwani, akaketi, akashika kalamu. Edelyn alisimama nyuma yake, na Visitacion alisikia pumzi yake.

"Jina."

Akaandika.

"Uzito siku ya ajali. Kilo sabini na nukta mbili."

Akaandika.

"Magonjwa katika familia. Andika baba, kisukari."

Visitacion aliandika. Herufi zilitoka nzuri kama zamani zote, zimeinama upande mmoja. Alitaka kuinua kalamu.

"Bado," alisema Edelyn. "Wameacha nafasi hapo. Wanauliza familia ilijua lini."

Picha ya Honorato ilikuwa ukutani mbele yao, na medali chini yake. Visitacion aliutazama ule mstari mtupu. Alijua mwaka, mwezi na siku. Ilikuwa siku ya mahafali, Honorato alipovua kile kiatu kipya akamwambia ukweli, na mvua ilinyesha. Alijua pia tarehe nyingine, ya karibu zaidi, Alhamisi alfajiri.

"Ipi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Zote, Mama," alisema Edelyn. "Anza na ya kwanza."